MAONI: Shasi ikipasuka kwenye barabara ya Fizi, nani aamue: chuma au mfuko?

Asubuhi isiyo na mvua, sokoni Baraka, magari yanayopanda kwenda Fizi, Lulimba na Misisi hupakiwa kwa namna ileile kila siku. Kwanza magunia ya ndakala na ya unga, halafu madumu ya mafuta, magodoro na mabati, na juu ya vyote hivyo watu. Abiria hutafuta pa kukaa. Shofere hupiga teke matairi kuona kama yana upepo. Hakuna anayeinama kutazama kinachobeba mzigo wote huo: shasi, ile mihimili miwili ya chuma inayopita chini ya gari kutoka mbele hadi nyuma.

Shasi hukumbukwa siku inapopasuka. Gari huburutwa hadi garaji, fundi huingia chini, hutoka na habari: kuna ufa, au mhimili mmoja umepinda. Hapo huulizwa swali moja tu. Kuchomelea au kubadilisha? Katika garaji nyingi za Fizi na Baraka, swali hilo halimalizi hata dakika tano. Mwenye gari anauliza bei ya kila moja, anasikia, anachagua ya chini. Mashine inawashwa, ufa unafunikwa, rangi nyeusi inapakwa juu, na kesho yake gari liko sokoni likipakia tena.

Uamuzi huo wa dakika tano unagusa maisha ya watu wengi ambao hawakuwepo garaji wakati unafanywa. Ndiyo maana hauwezi kuachiwa mfuko peke yake.

Kwa nini kuchomelea ni jibu la kwanza

Ni kosa kuwalaumu wenye magari kana kwamba wanapenda kuhatarisha watu. Barabara ya kitaifa namba 5, inayotoka Uvira kufuata ufuo wa ziwa Tanganyika, kupita Makobola, Swima, Mboko na Lweba hadi Baraka, kisha kupanda Fizi na kuendelea Lulimba na Misisi kuelekea Kalemie, haijawahi kuwa rafiki wa chuma. Mvua ikinyesha, mito kama Mutambala hujaa na kukata njia. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda na kuvamia makazi ya watu katika miji ya ufuo huu. Gari linalofanya kazi hapa huumia mapema kuliko lilivyotarajiwa na aliyeliunda.

Shasi ya kubadilisha nayo haipatikani dukani Baraka kama betri au tairi. Hutafutwa Uvira, Bujumbura, Kigoma au hata Dar es Salaam. Ni kitu chenye urefu wa mita kadhaa, kinachohitaji lori au boti, na kila kituo kina ushuru wake. Tangu Bukavu ilipoingia mikononi mwa waasi wa AFC/M23 mwezi Februari 2025, njia za biashara za jimbo zima zimekuwa ngumu zaidi. Gari likisubiri shasi kwa miezi miwili, shofere halipwi, ada za shule hazilipwi, na mgonjwa wa kijijani anayetakiwa kufikishwa hospitalini hana cha kumbeba.

Kwa hiyo anayesema kila shasi iliyoumia itupwe, hajui maisha ya Fizi. Lakini anayesema kila shasi huchomeleka, naye hajui chuma. Kati ya hao wawili kuna kazi ya kuchunguza, na kazi hiyo ndiyo inayokosekana.

Kilichopinda na kilichokunjika

Mafundi wa bodi duniani kote wana kanuni moja rahisi: kilichopinda hunyooshwa, kilichokunjika hubadilishwa. Tofauti yake mtu anaweza kuiona kwa macho. Chuma kilichopinda kimekwenda upande taratibu, kwa urefu, bila kona. Kikivutwa kwa mnyororo na jeki kidogo kidogo, hurudi mahali pake na nguvu zake nyingi hubaki. Chuma kilichokunjika kimevunja kona kali mahali padogo, kama kopo lililokanyagwa. Hapo chuma kimekwisha kunyooka kupita uwezo wake. Hata kikirudishwa na kuonekana sawa, pale palipokuwa na kunjo pamechoka, na ndipo patakapopasuka.

Moto nao hudanganya. Fundi akiona mhimili mgumu kuvutwa, huupasha hadi uwe mwekundu, nao hulainika na kumtii. Lakini chuma cha shasi nyingi za sasa, hasa za malori, kimetengenezwa kwa joto lililopimwa kiwandani ili kiwe na nguvu. Ukikipasha ovyo, unaondoa nguvu hiyo. Shasi hutoka garaji imenyooka kwa macho, lakini ni laini kuliko ilivyoingia.

Kabla ya kuvuta chochote, lazima ipimwe. Si lazima kuwa na mashine ya Ulaya. Gari huwekwa mahali tambarare. Fundi hudondosha timazi kutoka kwenye matundu yanayolingana ya upande wa kulia na wa kushoto wa shasi, mbele na nyuma, na kuweka alama ya chaki chini. Gari husogezwa, kisha hupimwa kwa utepe kutoka alama ya mbele kulia hadi nyuma kushoto, na kutoka mbele kushoto hadi nyuma kulia. Vipimo viwili visipolingana, shasi imekwenda mshazari. Gari la namna hiyo hutembea upande kama kaa, hula tairi upande mmoja, na milango yake hukataa kufunga. Kazi yote hiyo hudai kamba, kipande cha chuma kizito, chaki na saa moja. Garaji yoyote ya Baraka inaweza kuifanya leo.

Ufa uko wapi?

Kwa nyufa, swali la kwanza ni mahali. Mhimili wa lori una umbo la herufi C: ubavu uliosimama, na midomo miwili, wa juu na wa chini. Mzigo unapokandamiza, midomo ndiyo inayobeba mateso makubwa zaidi, mmoja ukivutwa na mwingine ukibanwa. Ufa mfupi ulio katikati ya ubavu ni jambo la kutengeneza. Ufa uliokata mdomo wa chini na kuanza kupanda ubavuni ni jambo jingine kabisa, kwani chuma kilichobaki pale ndicho kinachobeba watu wote.

Vivyo hivyo kwa nyufa zilizo pale springi zinaposhikwa, au pale sanduku la usukani linapofungwa. Sehemu hizo zikikatika gari likiwa kwenye mteremko, shofere hana la kufanya. Hazina nafasi ya "tutaona".

Swali la pili ni kama ufa ni wa mara ya kwanza. Ufa uliochomelewa ukarudi palepale, au pembeni tu ya mchomeleo, tayari umetoa jibu. Ufa wa pili mara nyingi hauanzi juu ya chuma kilichomiminwa, bali kando yake, pale moto wa kuchomelea ulipobadilisha chuma cha asili. Kuongeza kiraka juu ya kiraka hapo ni kusogeza ufa tu kutoka sentimita hii hadi ile. Kipande hicho kimekwisha, kinatakiwa kukatwa chote au shasi ibadilishwe.

Swali la tatu ni kutu. Nyundo ndogo inatosha kulijibu. Chuma kizima kikigongwa hulia, kilichooza hutoa sauti butu na kumwaga magamba. Ziwa Tanganyika ni maji yasiyo na chumvi, na hiyo ni bahati. Lakini tope lililoganda ndani ya mhimili hukaa na unyevu miezi mingi, na magari mengi yaliyotumika huja kutoka nchi za baridi ambako barabara hutiwa chumvi kuyeyusha theluji. Hayo huanza kuoza kabla hayajafika Afrika. Na chuma kilichokonda kwa kutu hakichomeleki: moto hukitoboa, na kiraka hushikilia hewa.

Hata kampuni kubwa zimeinama mbele ya ukweli huo. Mwaka 2016, nchini Marekani, Toyota ilikubali, bila kukiri kosa, kumaliza kesi kuhusu shasi zilizooza kwa kutu katika magari ya Tacoma, Tundra na Sequoia ya kati ya mwaka 2005 na 2010. Magari yaliyohusika yalikuwa kama milioni 1.5, na gharama ilikadiriwa kuweza kufika dola bilioni 3.4. Pale kutu ilipokuwa imetoboa chuma, kilichowekwa ni shasi nyingine, si viraka. Kampuni yenye wahandisi na mashine zote hizo ingekuwa imeona kiraka kinafaa, ingeokoa pesa nyingi.

Kuchomelea kwa heshima

Pale kuchomelea kunapofaa, na ni mara nyingi, kazi ina taratibu zake. Mwisho wa ufa hutafutwa na kutobolewa tundu dogo ili usiendelee kukimbia. Ufa husagwa kwa umbo la V ili chuma kipya kiingie hadi ndani, badala ya kupakwa juu kama siagi kwenye mkate. Kipande cha kuimarisha huwa cha chuma cha bapa chenye unene unaokaribia ule wa shasi, na ncha zake hukatwa mshazari. Kikikatwa mraba na kuchomelewa wima kukatiza mhimili, kinaunda mstari mpya ambao shasi itakatikia hapo. Nondo za ujenzi zilizobandikwa kando ya ufa, zinazoonekana chini ya magari mengi, haziimarishi kitu. Zinafanya sehemu moja iwe ngumu mno na kuhamishia mateso kwenye sehemu ya jirani.

Vijiti vya kuchomelea navyo vina masharti. Vile vinavyofaa kazi ya shasi hunyonya unyevu vikiachwa wazi, na vikitumika vikiwa na unyevu huacha nyufa ndogo zisizoonekana ndani ya mchomeleo. Katika mji ulio kando ya ziwa, boksi lililofunguliwa tangu mwezi uliopita na kuachwa kwenye kona ya garaji si la kutumiwa hadi vijiti vikaushwe kwenye joto. Na mashine inayoendeshwa na jenereta ndogo inayokohoa haitoi moto wa kutosha kupenya chuma kinene. Mchomeleo unakuwa mzuri kwa nje na mtupu kwa ndani.

Fundi anayefuata hayo yote atadai bei zaidi na siku mbili badala ya saa mbili. Anastahili. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na mji wenye jina hilo ungepaswa kuwa wa kwanza kuyakumbuka maneno hayo.

Magari madogo ni habari nyingine

Kinachosemwa kuhusu Land Cruiser, Hilux au Fuso hakihamishiki moja kwa moja kwenye Probox au Noah. Magari hayo madogo hayana shasi ya kujitegemea. Bodi yenyewe ndiyo shasi, na mabati yake yaliyokunjwa na kuunganishwa ndiyo yanayobeba kila kitu. Mihimili yake ya mbele imeundwa ijikunje wakati wa kugonga, ili nguvu ya pigo iishie kwenye bati kabla ya kuwafikia watu. Ikishajikunja mara moja, imemaliza kazi yake. Kuinyoosha kwa nyundo na kuizungushia vipande vya chuma kinene kunaifanya ionekane imara, lakini siku ya pigo la pili haitajikunja inavyotakiwa, na anayepokea nguvu yote ni aliyekaa kiti cha mbele. Hapo kipande hubadilishwa, kwa kukatwa pale kiwanda kilipounganisha.

Kubadilisha nako kuna mitego

Wapo wanaodhani kununua shasi nyingine ni kumaliza shida. Si lazima iwe hivyo. Shasi iliyotumika hufika ikiwa imepakwa rangi nyeusi mbichi, na rangi hiyo huficha mengi. Inatakiwa ipimwe kwa chaki na timazi ileile, igongwe kwa nyundo ileile, kabla pesa haijatoka mkononi.

Kisha kuna namba. Katika magari mengi yenye shasi, namba ya utambulisho wa gari imegongwa kwenye mhimili wenyewe. Shasi nyingine ina namba nyingine, na karatasi za gari zitaonyesha ile ya zamani. Kufuta namba na kugonga nyingine ni kosa, na kunalifanya gari halali lionekane la wizi. Mnunuzi mwenye busara hudai hati ya mauzo inayoonyesha shasi ilitoka kwenye gari gani, na kupeleka mabadiliko kwenye ofisi inayohusika na usajili kabla hajasimamishwa barabarani.

Ipo pia njia ya katikati inayosahauliwa: kukata kipande kibovu tu na kuunganisha kipande kizima kutoka shasi ya aina ileile, mbali na springi na usukani, kwa mkato wa mshazari na chuma cha kuimarisha ndani. Na ipo nyingine isiyogharimu hata franka moja, nayo ni kupunguza mzigo. Shasi iliyotengenezwa vizuri inaweza kufanya kazi miaka mingi ikiwa haitarudishiwa mzigo uleule ulioivunja. Wenye magari wachache hukubali neno hili, kwa sababu gunia lililoachwa sokoni ni pesa iliyoachwa sokoni. Lakini anayekataa kupunguza mzigo baada ya kutengeneza anailipia kazi hiyohiyo mara mbili.

Nani ainame chini ya gari?

Mwaka 2017, kituo cha utafiti cha IPIS cha Ubelgiji na washirika wake walihesabu vizuizi vya barabarani 798 katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini. Anayesafiri barabara za huko anajua maana ya tarakimu hiyo. Katika kila kizuizi kuna anayetazama mkono wa shofere, na wengi hutazama mzigo ili kuukadiria thamani. Anayetazama chini ya gari ni nani? Gari linaweza kusimamishwa mara nyingi kwa safari moja, likalipa kila mahali, na kufika likiwa na ufa uleule lililoondoka nao.

Ukaguzi wa magari upo katika sheria za Kongo, lakini karatasi ya ukaguzi inayotolewa bila mtu kulala chini ya gari na tochi ni risiti tu. Wakuu wa mji wa Baraka na wa wilaya ya Fizi hawahitaji kusubiri mashine kutoka Kinshasa. Wanaweza kukubaliana na vyama vya mashofere kwamba kila gari linalobeba abiria litazamwe chini mara moja kwa mwezi na fundi anayeaminika, ambaye si yule aliyelitengeneza, na matokeo yaandikwe kwenye daftari linalobaki kwenye maegesho. Tarehe, namba ya gari, ufa upo au haupo, ulitengenezwa lini. Daftari kama hilo lingeonyesha mara moja gari ambalo ufa wake umerudi mara ya tatu.

Watasema wengine kwamba daftari hilo litageuka kizuizi kingine cha kukusanya pesa. Hofu hiyo ina msingi. Ndiyo maana daftari lazima liwe mikononi mwa mashofere wenyewe, lisomwe na abiria yeyote anayetaka, na malipo ya fundi yajulikane na yabandikwe ukutani.

Mafundi nao wana neno lao. Fundi mzuri si yule asiyeshindwa na chochote. Ni yule anayeweza kumwambia mteja wake wa miaka yote, "Hii sichomelei." Leo anayesema hivyo hupoteza kazi, kwani jirani yake atakubali. Mafundi wa Baraka wakikubaliana kwa pamoja juu ya mambo matatu tu, kwamba mhimili uliokunjika, ufa uliorudi na chuma kilichooza havichomelewi, hakuna mteja atakayekuwa na jirani wa kukimbilia.

Mwenye gari naye atende hesabu kamili. Bei ya kuchomelea si ile ya leo pekee. Ni ya leo, na ya mwezi ujao ufa utakaporudi, na ya siku ambazo gari litalala porini kati ya Lulimba na Misisi likilindwa usiku. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini kuziba vibaya ni kujenga ukuta huohuo kwa kuchelewa kidogo.

Mwisho yuko abiria, ambaye hulipa nauli na hana anachoulizwa. Mama anayepanda Misisi na mtoto mgongoni hawezi kujua ubavu na mdomo wa mhimili. Lakini anaweza kuona gari linalotembea upande, na anaweza kuuliza daftari linasema nini. Akijibiwa kwa matusi, ashuke. Siku abiria kumi watakaposhuka kwa pamoja sokoni Baraka, mwenye gari atachukua tochi na kuinama mwenyewe.